Yupi mzuri, yupi mbaya: mamalia wanaoteleza hewani, na wa kuchora ukutani

Mweke kindi arukaye wa Siberia kando ya kolugo wa Malaysia, wote wamejibana kwenye shina mchana, kisha waulize wapita njia yupi mzuri. Hutasubiri jibu. Kindi ana kichwa cha mviringo, tumbo jeupe na macho meusi makubwa yanayokaribia kuijaza sura yote. Kolugo ana pua ndefu, masikio madogo, na ngozi ya ziada inayomlegea kutoka shingoni hadi ncha ya mkia. Watu wazima humwita mbaya, watoto humcheka.

Ngoja usiku uingie, uwaache waruke. Kindi ataruka vizuri, sina neno. Lakini kolugo akijitupa, ile ngozi iliyolegea inakazika pande zote kwa mara moja, hadi katikati ya vidole, na yule aliyeonekana ovyo kwenye shina anageuka umbo moja pana lililonyooka, akivuka zaidi ya mita 100 za giza bila kupiga bawa. Nimewaonyesha watoto video ya namna hiyo kwenye simu. Hakuna aliyecheka.

Hilo ndilo ninalolisimamia tangu mwanzo: mnyama wa aina hii asihukumiwe akiwa amekaa. Picha nyingi tunazozipata zimepigwa mchana, au usiku kwa mwanga mkali wa kamera, mnyama akiwa amekunja kila kitu alichoumbiwa. Kumpima hapo ni kumwonea.

Nina sababu ya kulinganisha. Klabu yetu ya mazingira hapa Bukavu, Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, imepewa ukuta wa shule unaotazama barabara. Watoto hawakutaka gorila, kwa sababu gorila ameshachorwa kila mahali mjini. Chui yumo katika nembo ya taifa, okapi yumo katika nembo ya ICCN, taasisi ya hifadhi za taifa. Walitaka mnyama atakayemfanya mpita njia asimame aulize jina lake, na mmoja wao akapendekeza wale wanaoruka bila kuwa ndege. Tangu hapo ni mabishano: huyu mzuri, yule mbaya, huyu hapana, tutachekwa. Naandika kwa ajili yao, na kwa mwalimu au mzazi wa Goma, Uvira au Lubumbashi mwenye uchaguzi kama huo, awe anatafuta mnyama wa kuchora, wa kuipa jina timu ya watoto, au wa kusimulia darasani.

Kwanza, wanachokifanya

Hakuna hata mmoja kati yao anayepaa. Mamalia anayepiga mabawa ni popo peke yake. Hawa wengine hupanda juu ya mti, hujitupa, hutandaza utando wa ngozi unaounganisha mikono na miguu, na kushuka kwa mteremko mrefu hadi mti wa pili. Wakikaribia shina huinua kifua. Utando unashika hewa yote, mwendo unapungua, na miguu minne inagusa gome karibu kwa pamoja. Kisha kupanda kunaanza upya.

Waliopo leo wako katika makundi sita: kindi warukao wa Asia, Ulaya na Amerika, kolugo wa Asia ya Kusini-Mashariki, kindi mkia-magamba wa Afrika, na makundi matatu ya Australia na visiwa jirani ambayo hubeba watoto mfukoni jinsi kangaruu anavyofanya. Hawakurithi ustadi huu kwa babu mmoja. Kila kundi lilifika hapo kwa njia yake. Na wapo waliowatangulia wote: mwaka 2006 wanasayansi walimweleza Volaticotherium kutokana na kisukuku cha China, na mwaka 2017 wakawaeleza wengine wawili, Maiopatagium na Vilevolodon, walioishi miaka milioni 160 hivi iliyopita. Alama za utando wao zimebaki kwenye jiwe. Wakati huo dinosaria walikuwa bado wanatembea chini ya miti hiyo.

Wenye sura za kupendwa bila jasho

Mwaka 1943 Konrad Lorenz, mtafiti wa tabia za wanyama kutoka Austria, alieleza kwa nini sura fulani zinatulainisha moyo: kichwa kikubwa kuliko mwili, macho makubwa yaliyokaa chini kidogo usoni, mashavu ya mviringo, pua fupi. Ni sura ya mtoto mchanga. Mnyama yeyote aliyejaliwa vipimo hivyo tunamwona mzuri kabla hatujamjua.

Macho makubwa wanayo karibu wote katika ulinganisho huu, maana ni wanyama wa usiku. Kwa hiyo macho peke yake hayatoshi kumpa mtu ushindi. Anayeshinda ni mwenye pua fupi na mashavu, na hapo kindi arukaye wa Siberia hana mpinzani. Makazi yake yanaanza Finland na Estonia, yanapita Urusi yote, na kufika kisiwa cha Hokkaido, Japani. Huko Hokkaido, katika baridi ya theluji, manyoya yake huvimba na sura yake hubaki macho tu na kipua. Wajapani wanampenda waziwazi. Picha zake huwekwa kwenye zawadi na mapambo. Sioni kosa. Ni mzuri kweli.

Ukoo wake wa kindi warukao una aina zipatazo 50, na si wote wenye sura hiyo. Yupo kindi wa manyoya marefu wa milima ya kaskazini mwa Pakistani, Eupetaurus, mnyama mkubwa mwenye uzito wa kilo 2 na zaidi, ambaye wataalamu walikuwa wamekata tamaa kwamba bado yupo hadi Peter Zahler alipompata tena mwaka 1994. Mwaka 2021 wakatangazwa wengine wawili wa jenasi hiyohiyo, katika Himalaya. Sura yake ni ya mzee aliyeamshwa usingizini, na mimi nampenda zaidi kuliko binamu yake wa Hokkaido. Kuna na jambo la ajabu lililotangazwa mwaka 2019: kindi warukao wa Amerika Kaskazini, wakimulikwa usiku kwa taa ya mwanga wa zambarau usioonekana kwa macho yetu, manyoya yao hung'aa waridi. Hakuna aliyekuwa akilitazamia.

Wa pili kwa sura ni petauri mdogo wa Australia, yule ambaye katika video za simu huitwa shuga glaida. Ana gramu mia moja na kitu, rangi ya kijivu, na mstari mweusi unaoanzia kati ya macho na kwenda mgongoni. Mtoto wake huzaliwa baada ya siku 16 hivi tu za mimba, akiwa mdogo kama punje, kisha hukaa mfukoni kwa mama karibu siku 70. Mwaka 2020 watafiti walionyesha kwamba huyu tuliyemdhani mmoja ni aina tatu tofauti.

Ukinilazimisha kuchagua kati ya hao wawili kwa sura tu, nitamchagua kindi. Lakini nina sababu nyingine ya kumweka petauri nyuma, nayo ni hizo video. Anaonyeshwa mifukoni mwa mashati, kwenye viganja, akipewa vitamu, na watoto wetu wanauliza anauzwa bei gani. Huyu ni mnyama wa usiku anayeishi kwa kundi. Akifungiwa peke yake hudhoofika, na akilishwa matunda matamu tu hukosa kalsiamu hadi mifupa inalegea na miguu ya nyuma kupooza. Uzuri wake ndio uliomponza. Tena si mpole kama anavyoonekana: katika kisiwa cha Tasmania, ambako alipelekwa na watu, huingia kwenye viota vya kasuku mmoja adimu, akala mayai na vifaranga, hata mama aliyelala juu yao.

Anayesimama katikati

Kuna petauri mkubwa wa mashariki mwa Australia, Petauroides, na huyu anatuhusu kwa jambo moja: anakula majani ya mikaratusi. Mikaratusi ileile tunayoipanda kwenye vilima vyetu kwa ajili ya mbao na makala, ambayo mbuzi hataki hata kuinusa. Majani hayo yana sumu na lishe haba, naye ameyafanya chakula chake karibu chote. Ana kilo 1 hivi, masikio makubwa yenye manyoya, mkia mrefu kuliko mwili, na rangi inayotofautiana sana: mmoja mweusi wa moshi, jirani yake mweupe.

Kwa sura, watoto waligawanyika katikati. Kwa mruko, yeye ni tofauti na wote, kwa kuwa utando wake hauishii kwenye mkono bali kwenye kiwiko. Akiruka hukunja mikono na kuweka viganja chini ya kidevu, hivyo ukimtazama kutoka chini unaona pembetatu. Hashuki kwa ulaini wa kolugo. Huanguka kwa mteremko mkali zaidi, lakini mita 100 anazifikia.

Analala katika matundu ya miti mikongwe sana, na miti ya umri huo ikikatwa au kuungua hakuna ya kuchukua nafasi yake kwa vizazi vingi vya watu. Baada ya moto mkubwa wa 2019 na 2020, serikali ya Australia ilimtangaza mwaka 2022 kuwa hatarini kutoweka. Niliwaeleza watoto hilo, na wengine wakataka kumchora kwa huruma. Huruma ni sababu njema, lakini haitoshi kumweka mgeni kwenye ukuta wa Bukavu wakati wenyeji hawajulikani.

Kolugo na mkia-magamba, ana kwa ana

Hapa ndipo mabishano yalipo, kwa sababu wote wawili huitwa wabaya, na wote wawili ni mabingwa.

Kolugo wapo wa aina mbili zinazotambuliwa: wa Ufilipino, na wa Sunda anayeishi kuanzia Thailand na Vietnam hadi Borneo na Java. Linnaeus, msomi wa Sweden aliyepanga viumbe kwa makundi na majina, mwaka 1758 alimweka yule wa Ufilipino pamoja na lemuri, na watu wakaendelea kumwita lemuri arukaye, ingawa lemuri si yeye. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2016 ulithibitisha kwamba kolugo ndio ndugu wa karibu zaidi wa kundi la nyani, sokwe na binadamu. Yule mnyama mnayemcheka, niliwaambia watoto, ni wa ukoo wetu kuliko paka, mbwa na mbuzi. Kimya kidogo, kisha msichana mmoja wa mbele akasema, "Mwalimu, basi ni mujomba." Jina hilo limebaki. Kwetu kolugo sasa ni Mjomba.

Kindi mkia-magamba wanaishi Afrika tu. Pamoja na jina hilo si kindi. Ndugu yao wa karibu aliye hai ni kamendegere, yule panya mkubwa wa nyika anayerukaruka kwa miguu ya nyuma. Aina zinazoteleza ni sita. Mmoja, wa Pel, ni wa Afrika Magharibi peke yake. Watano waliobaki wote wapo katika nchi yetu. Mkubwa kwa kuenea ni yule wa Derby, aliyeelezwa na mtaalamu wa wanyama Gray mwaka 1842: anapatikana kuanzia Afrika Magharibi, katika msitu wote wa Kongo, hadi kwenye miti ya miombo ya Zambia na Malawi. Msomaji wa Lubumbashi asidhani kwamba habari hizi ni za watu wa Kivu tu.

Tuanze na kinachowafanya waitwe wabaya. Kolugo, ni ile ngozi na ile pua. Mkia-magamba wa Derby ana sura ya kawaida ya kipanya kikubwa: uso wa kijivu wenye weusi kuzunguka macho, masikio yasiyo na manyoya mengi, sharubu ndefu. Ukimtazama usoni tu utasema panya. Baba mmoja aliyekuja kumchukua mwanawe alitazama mchoro wetu wa majaribio akasema, "Mwalimu, ile nyama watu wanakulaka tu." Nikamjibu, "Ndiyo, papa, na ndiyo maana tunataka waione kabla haijaisha." Hakunijibu, lakini alibaki akiutazama mchoro.

Mgeuze sasa huyo panya umtazame chini ya mkia, karibu na shina lake. Utaona magamba magumu yenye ncha, yamepangwa safu mbili. Akitua kwenye mti huyakandamiza kwenye gome, yanamzuia asiteleze kurudi chini, na anaweza kupumzika hapo amesimama wima. Sijui mnyama mwingine anayeruka kwa utando aliye na kifaa hicho. Kolugo hana, yeye hutegemea kucha zake tu, na akiwa chini ardhini ni kama hana miguu, anajikokota.

Meno nayo yatazame. Meno ya mbele ya chini ya kolugo yamechanwachanwa kama kitana, jino moja likiwa na hadi vijino 20. Mkia-magamba wa Derby ana meno ya kutafuna magome. Huchubua shina apate kilicho chini yake, na mtu anayejua msitu anaweza kuona alama hizo mchana ambapo mnyama mwenyewe amelala tunduni.

Katika utando, kolugo anashinda. Hakuna mamalia anayeteleza mwenye utando mpana kuliko wake: unaanzia shingoni, unapita hadi ncha za vidole, unaenda miguuni, na mkia wote umo ndani. Mkia-magamba ameacha mkia huru, lakini ametengenezewa ufundi wa peke yake: kijiti cha gegedu kinachotoka kwenye kiwiko na kuutanua utando kwa nje. Kindi warukao wana kijiti kinachofanana, ila chao kinatoka kwenye kifundo cha mkono. Viumbe wawili wasio ndugu walipata jibu moja na kulifunga mahali tofauti. Mimi hapo ndipo ninapouona uzuri, na nikieleza jambo hili darasani husahau saa.

Kwa umbali, kolugo amepimwa akivuka karibu mita 150, na mkia-magamba wa Derby husemekana kufika mita 250. Sitaki kumpa ushindi kwa neno la kusemekana, kwa sababu kolugo ndiye aliyechunguzwa kwa vyombo. Huko Singapore, watafiti waliwabandika kolugo vifaa vidogo vya kupima mwendo, na mwaka 2008 wakaonyesha kwamba akiruka mbali hutua kwa ulaini kuliko akiruka karibu, kwa kuwa anapata nafasi ya kupunguza kasi. Mwaka 2011 wakaongeza jambo lililowashangaza wengi: mruko haumwokolei nguvu, kwani kupanda tena juu kunazila zote. Unachomwokolea ni muda. Mkia-magamba wetu hajapata bado kupimwa namna hiyo, na natamani mwanafunzi wa chuo kikuu kimoja cha hapa Kivu awe wa kwanza.

Kuna na mama kolugo. Huruka mtoto wake akiwa amemng'ang'ania tumboni, na akitulia kwenye tawi hukunja utando karibu na mkia, mtoto akalala humo. Mtoto hukaa naye hivyo kwa miezi kama sita. Watoto wa klabu walipouona mkunjo huo kwenye picha, neno "mbaya" lilikoma. Hata mimi sikutegemea likome haraka vile.

Kwa hiyo kati ya hawa wawili, yupi? Kwa mruko na kwa mama, kolugo. Kwa ufundi wa mwili na kwa kuwa wetu, mkia-magamba. Sura naziacha sare.

Wadogo wa gramu kumi na kitu

Australia wana akrobati, mdogo kuliko wote wanaoteleza, wa gramu 10 hadi 15. Nywele za mkia wake zimepangwa pande mbili kama unyoya, na vidole vyake vina vifuto vinavyomwezesha kupanda hata kioo. Waaustralia walimweka kwenye sarafu yao ya senti 1 tangu 1966 hadi sarafu hiyo ilipoondolewa mwaka 1992. Taifa zima lilimchagua kinyama cha gramu 12 kuwa sura ya fedha yake. Nilipowaambia wale waliosema mnyama mdogo hafai ukuta, walibadili maneno.

Na sisi tunaye wa kumkabili. Idiurus wa Zenker, mkia-magamba mdogo wa misitu ya Kongo, ana gramu chini ya 20. Mwili wake unaenea kiganjani, na mkia wake, mrefu kuliko mwili, umezungukwa na nywele ndefu zilizotawanyika. Macho ni makubwa, pua ni fupi. Vipimo vyote vya Lorenz anavyo. Paul Matschie, mtaalamu wa wanyama wa Ujerumani, alimweleza mwaka 1894, na hadi leo ukitafuta picha yake hai utapata chache sana. Mchana hujikusanya na wenzake katika mvungu wa mti mkubwa, wakati mwingine hadi mia moja, mara nyingi pamoja na popo. Usiku ukiingia hutoka mmoja mmoja na kutawanyika msituni.

Weka kinyama hiki kando ya petauri anayeuzwa kwenye mitandao, uniambie aliyemshinda ni yupi kwa sura. Mimi sioni. Tofauti ni kwamba mmoja ana kamera mbele yake kila siku, na mwingine yuko ndani ya mti ambao mtu ameshaupimia gunia ngapi za makala. Mti wenye mvungu ni mti mzee, na mti mzee ndio wa kwanza kuangushwa.

Yupo na wa ukoo huu asiyeruka kabisa, Zenkerella. Ana magamba ya mkia lakini hana utando. Kwa zaidi ya karne moja wanasayansi walikuwa na ngozi na mifupa michache tu katika makumbusho, hadi mwaka 2016 walipotangaza miili mipya iliyopatikana kisiwani Bioko. Simlinganishi na wengine, ila mtoto akiuliza kama wote wa mkia-magamba huruka, jibu ni hapana.

Nani amchague nani

Ukitaka mnyama wa kupamba chumba cha mtoto mdogo anayeogopa giza, chora kindi wa Siberia. Atampenda siku ya kwanza. Ukitaka kusimulia somo la sayansi darasa la juu, mchukue kolugo: ana ukoo wetu, ana vipimo vilivyofanywa, ana mama wa kukumbukwa. Ukitaka kuzungumza na watu juu ya kukata miti mikongwe, petauri mkubwa ana kisa kilichoandikwa vizuri, na mikaratusi itakusaidia kuanza maneno. Petauri mdogo simpendekezi kwa ukuta wowote wa shule, kwa sababu picha yake inazaa swali la bei.

Kwa ukuta wa Bukavu nachagua mkia-magamba, wawili katika picha moja: yule wa Derby akiwa katikati ya mruko, na Idiurus watatu wanne wakichungulia kwenye mvungu. Kwa ukuta wa Goma nisingebadili kitu. Kwa Lubumbashi ningemwacha wa Derby peke yake na kumweka kwenye mti wa miombo, mahali anapostahili. Watoto wengi wa hapa hawajawahi kufika Tshivanga, kwenye lango la Parke ya Kahuzi-Biega, ambayo si mbali na mji. Barabara na usalama vimewazuia kwa miaka mingi. Ukuta utawafikishia wakazi wa msitu ule hadi njiani wanapopita kwenda shule. Sioni sababu ya kuwaletea mgeni wa Australia kabla ya jirani.

Jambo la mwisho ni la mchoraji. Mchore akitazamwa kutoka chini, maana ndivyo mtu aliye msituni angemwona, na ndivyo utando unavyoonekana wote. Mgongo kijivu, tumbo karibu na nyeupe, nusu ya mwisho ya mkia nyeusi yenye nywele nyingi, na magamba yakae chini ya mkia karibu na mwili, si kwenye ncha. Usitegemee picha ya kwanza utakayoipata kwenye intaneti, hata kama jina lililoandikwa ni sahihi. Tafuta kijiti kinachotanua utando. Kikitoka kwenye kifundo cha mkono, umeletewa kindi wa Asia au Amerika. Vidole vikiwa vimeunganishwa kwa utando, na mkia wote umo ndani yake, ni kolugo. Kikitoka kwenye kiwiko na mkia uko huru, huyo ndiye; chukua penseli.